Kiwavi, El Nino na bili ya gesi: baridi ya Minnesota inatabirika kiasi gani?

SWALI: Tulihamia Brooklyn Park, Minnesota, mwezi wa sita tukitokea Voi. Hii itakuwa baridi yetu ya kwanza. Kazini, ninakolea wazee zamu ya usiku, kila mtu ana lake. Mmoja anasema viwavi wa mwaka huu ni weusi sana kwa hiyo tutaganda. Mwingine amesoma kwenye almanaka ya wakulima kwamba theluji itakuwa nyingi. Kwenye kundi letu la WhatsApp nako wametuma sauti kwamba El Nino imekuja, basi hakuna baridi. Mwanangu Baraka ameokota kiwavi mmoja, kamweka kwenye chupa, na kila asubuhi anamkagua. Nina akiba kidogo. Ninunue nguo nzito, matairi na betri mpya, au nilipe ada ya mdogo wangu nyumbani na kubahatisha? Kuna anayejua kweli msimu utakuwa mkali kiasi gani? — Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, karibuni Minnesota, na poleni na uhamaji. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Hakuna mtu, awe na kompyuta kubwa ya serikali au kiwavi kiganjani, anayeweza kukwambia mwezi wa tisa kwamba Januari utaamka na baridi ya kuua betri mara ngapi. Tunachoweza kukwambia ni mizani imelala upande gani. Na hata ikilala vibaya sana upande wa joto, vitu unavyohitaji kabla ya Novemba kwisha ni vilevile. Usibahatishe kwenye buti na betri. Ada ya mdogo wako tutaifikia, maana nadhani unaweza kufanya yote mawili.

Kabla sijahamia huku nilikuwa nikifanya kazi ya utabiri wa mvua, kwa hiyo nitakueleza kwa kitu unachokijua. Watu wa Voi mnajua vuli na masika havitabiriki sawasawa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni kati ya mvua za msimu zinazotabirika vizuri zaidi duniani, kwa sababu bahari mbili, Pasifiki na Hindi, huikamata vuli mkono na kuiongoza. Masika ni kichwa ngumu. Bahari zinaweza kuonyesha hivi na mvua ikafanya vile, na wakulima wakatulaumu. Sasa weka akilini hivi: baridi ya Minnesota inafanana na masika kuliko vuli. Pasifiki inaivuta, ndiyo, lakini kuna mkono mwingine wa kaskazini unaoivuta pia, na huo mkono hautoi taarifa miezi mitatu kabla.

Tuanze na El Nino, kwa kuwa ndiyo habari yenye uzito kati ya hizo tatu. El Nino ni pale maji ya katikati ya Bahari ya Pasifiki, karibu na mstari wa ikweta, yanapokuwa na joto kupita wastani kwa nusu nyuzi ya Selsiasi au zaidi, miezi kadhaa mfululizo. Yakipoa kwa kiasi hichohicho tunaita La Nina. Nusu nyuzi utaiona ndogo, lakini ni juu ya eneo kubwa mno la bahari, na joto hilo huhamisha mahali ngurumo na mvua kubwa zinapozaliwa. Zikihama, mkondo wa upepo mkali unaopita juu angani kuelekea mashariki nao hubadili njia. Mwaka wa El Nino, mkondo huo huimarika kusini mwa Marekani, na majimbo ya kaskazini kama Minnesota hupata hewa ya vuguvugu kutoka baharini. Mwaka wa La Nina, mkondo hupanda kuelekea Alaska kisha hushuka ukiwa umebeba hewa ya Kanada na kuimwaga huku kwetu.

Hii ndiyo sababu nyumbani na huku mmefungwa kamba moja bila kujua. Unakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuua mifugo kaskazini mwa Kenya msimu baada ya msimu? Ile ilikuwa La Nina, miaka mitatu mfululizo. Katika msimu wake wa tatu, 2022 hadi 2023, Minneapolis na Saint Paul, miji mikubwa jirani na kwenu, zilipata sentimita 229 za theluji, wakati wastani wa msimu ni kama 130. Kisha El Nino ikaja. Novemba 2023 mafuriko yakachukua nyumba na madaraja Kenya, Somalia na Ethiopia, na miezi miwili baadaye watu wa Minneapolis walikuwa wanatembea juu ya nyasi za kahawia wakishangaa theluji imekwenda wapi. Majira yale ya baridi yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minnesota, na theluji ya msimu mzima ilikuwa sentimita 75 tu. Wisconsin, jirani zetu, walikuwa na mashindano makubwa ya kuteleza kwenye theluji. Ikabidi watengeneze theluji kwa mashine na kuzungusha watu kwenye njia fupi ya kilomita kumi.

Kwa hiyo aliyetuma ile sauti hakudanganya. Kosa lake ni kusema "hakuna baridi".

Chukua msimu wa 2018 hadi 2019. Huo nao ulikuwa wa El Nino, ingawa dhaifu. Desemba ilipita kwa upole. Watu wakaanza kusema mwaka huu tumeponea. Mwanzoni mwa Januari kitu kikatokea juu sana angani, zaidi ya kilomita 20 kutoka ardhini, mahali ambapo ndege za abiria hazifiki. Huu ndio ule mkono wa kaskazini niliokutajia: kila majira ya baridi, juu ya ncha ya kaskazini huzunguka duara kubwa la upepo linalozingira hewa baridi kama ukuta wa boma unavyozingira ng'ombe. Siku zile hewa ya huko juu ilipanda joto ghafla, duara likayumba na kupasuka. Boma likivunjika, ng'ombe hawatoki wote mara moja wala huwezi kusema wataelekea shamba la nani. Mara nyingine huenda Ulaya au Siberia. Safari hiyo walikuja kwetu. Asubuhi ya Januari 30, 2019, kipimo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilisoma nyuzi -33 za Selsiasi, na ukijumlisha upepo mwili ulihisi kama -48. Posta ilisimamisha kupeleka barua. Ukitoka nje na kope zenye unyevu, zinashikana. Pua inakauka kwa ndani kwa pumzi ya kwanza, na theluji chini ya buti haisagiki kimya, inalia kama mlango usio na mafuta. Halafu Februari ikaja na theluji ya karibu mita moja, rekodi ya mwezi huo kwa miji hii.

Yote hayo katika mwaka wa El Nino. Na ramani ya msimu haikuwa na njia ya kuyaonyesha, kwa sababu ramani hiyo husema wastani wa miezi mitatu. Desemba ya upole na Februari ya kikatili ukizichanganya sufuria moja unapata kitu kinachoitwa "karibu na kawaida". Wewe huishi ndani ya wastani. Unaishi ndani ya asubuhi moja moja, ukitoka zamu ya usiku saa moja, gari liko nje.

Sasa ramani yenyewe, maana utaiona ikisambazwa na watu wengi wanaisoma vibaya. Kituo cha serikali ya Marekani cha utabiri wa msimu, kilicho chini ya NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa, hutoa makadirio mapya kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Yale ya Oktoba, yanayoeleza Desemba hadi Februari, ndiyo hutangazwa sana. Wanagawa misimu iliyopita katika mafungu matatu sawa: ya baridi, ya kawaida, ya joto, wakilinganisha na miaka ya 1991 hadi 2020. Ni mtindo uleule wa utabiri wa mvua nyumbani: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani.

Chukua maharage mia moja uyatie sufuriani: 33 meusi kwa msimu wa baridi kali, 33 ya rangi mchanganyiko kwa msimu wa kawaida, yaliyobaki mekundu kwa msimu wa joto. Ukifumba macho na kuchota moja bila kujua lolote, hiyo ndiyo hali ya mtu asiye na utabiri. El Nino ikija, watabiri wanatoa meusi kadhaa na kutia mekundu. Ramani ikiandika "asilimia 50 joto" kwa Minnesota, maana yake sasa mekundu ni 50, mchanganyiko 33, na meusi bado yamo, kama 17. Huo ni utabiri mzito, hawauandiki ovyo. Lakini 17 katika mia ni karibu moja kati ya sita. Wewe ungemruhusu Baraka avuke barabara kama gari linapita mara moja kati ya sita?

Na sehemu nyeupe ya ramani: watu huitafsiri kuwa "hali ya kawaida itakuwepo". Sivyo. Nyeupe ina maana maharage hayajaguswa, ni 33 kwa 33 kwa 33, watabiri hawana la kuongeza. Huwa napenda weupe huo kwa sababu ni mtaalamu akikubali mpaka wa elimu yake. Msimu wa 2013 hadi 2014 haukuwa wa El Nino wala La Nina, bahari ilikuwa imenyamaza, na ukawa mmoja wa misimu migumu zaidi ambayo watu wa hapa wanaikumbuka. Januari 6, 2014, gavana wa Minnesota wakati huo, Mark Dayton, aliamuru shule zote za umma za jimbo zima zifungwe kwa sababu ya baridi.

Kuna jambo jingine linaloongeza mekundu kila mwaka, uwe wa El Nino au usiwe: dunia inapata joto, na hapa Minnesota baridi ndiyo inayolegea haraka kuliko kiangazi, hasa usiku. Rekodi ya jimbo ni nyuzi -51, mji wa Tower, Februari 2, 1996, na sitashangaa nikizeeka bila kuiona ikivunjwa. Kwa hiyo mtu akinilazimisha niseme neno moja kuhusu msimu wowote ujao bila kunionyesha bahari, nitasema utakuwa wa upole kidogo kuliko misimu aliyoikulia bibi mwenyeji wa hapa. Upole huo una hatari zake. Desemba 29, 2023, katika msimu uleule wa joto, barafu ya ziwa Upper Red ilikatika na kuelea na watu zaidi ya 100 waliokuwa wakivua samaki juu yake, waliokolewa. Na msimu ambao joto linapanda na kushuka kwenye sifuri huleta mvua inayoganda ikigusa lami, ile barafu nyembamba isiyoonekana. Kwa mtu anayetembea kutoka maegesho hadi mlango wa kazini gizani, naiogopa hiyo kuliko theluji ya magoti.

Almanaka sitaipa nafasi kubwa. Ile ya zamani zaidi imechapishwa tangu 1792 na hutumia kanuni ya siri inayohusisha madoa ya jua. Wachapishaji wake hudai kupatia mara nane kati ya kumi. Watafiti waliokaa na kulinganisha utabiri wake na vipimo halisi, mji kwa mji, walikuta unapatia kama nusu ya mara, yaani sawa na kurusha shilingi. Usinunue betri, wala usiache kuinunua, kwa sababu yake.

Kiwavi ninampenda zaidi, na nitamweleza Baraka vizuri kwa sababu ni mtoto anayeangalia kwa macho yake. Huyo ni kiwavi mwenye manyoya, mweusi mbele na nyuma, na mshipi wa kahawia katikati. Ukimgusa anajikunja duara kama jongoo. Watu husema mshipi ukiwa mwembamba na weusi ukazidi, baridi itakuwa kali. Mwaka 1948 mtaalamu wa wadudu wa jumba la makumbusho ya historia ya viumbe la New York, Howard Curran, alikwenda Bear Mountain kupima mishipi hiyo. Viwavi wenyewe walikuwa wachache, lakini magazeti yaliipenda habari, na imani ikasambaa nchi nzima. Ukweli wake ni huu: kiwavi akiwa mdogo huwa mweusi zaidi, na kila anapojivua ngozi mshipi wa kahawia unapanuka. Unyevu wa mahali alipokulia nao unabadilisha rangi. Kwa hiyo kiwavi mweusi anakwambia alizaliwa kwa kuchelewa au alikula mahali penye maji mengi. Anasimulia majira aliyopitia. Yajayo hayajui, kama sisi.

Vivyo hivyo theluji ya mapema. Mwaka 1991 dhoruba ilianza Oktoba 31, watoto wakiwa wamevaa vinyago wanazunguka mitaani kuomba peremende, na ilipokwisha Novemba 3 miji hii ilikuwa imelala chini ya sentimita 72. Kila mtu aliapa mwaka huo ni wa maangamizi. Desemba hadi Februari zilizofuata zikawa za upole. Nao ulikuwa mwaka wa El Nino.

Basi turudi kwenye akiba yako. Kila uamuzi una utabiri wake, na kosa ni kuuliza utabiri wa msimu swali la siku, au kinyume chake.

Utabiri wa msimu unafaa kwa vitu vinavyojumlishwa miezi mitatu. Manispaa inautumia kupima chumvi ya barabarani, kampuni za gesi zinautumia kununua mafuta. Kwako wewe unagusa kitu kimoja tu, bili ya kupasha nyumba joto. Hata hapo kuna kinga nzuri kuliko kubahatisha. Iulize kampuni yako kama ina mpango wa kugawa gharama ya mwaka sawasawa kila mwezi, ili Januari isikupige. Minnesota pia ina kanuni inayowalinda wakazi wasikatiwe umeme au gesi ya kupashia nyumba kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini haifanyi kazi yenyewe. Ni lazima upige simu, mkubaliane kiasi cha kulipa, na ukilipe. Watu wetu wengi husubiri barua ya tatu kwa aibu. Usisubiri. Kuna pia msaada wa jimbo wa gharama za nishati, unaombwa kuanzia Oktoba kwa kuangalia kipato na idadi ya watu nyumbani. Piga 211, omba mkalimani wa Kiswahili, utaelekezwa.

Nguo na gari havitegemei utabiri wowote. Ule msimu wa joto kuliko yote, katikati ya Januari 2024 kipimo kilishuka chini ya nyuzi -18. Siku tatu za namna hiyo zinahitaji koti lilelile la siku thelathini. Ila usinunue jipya dukani. Maduka ya mitumba na makanisa mengi ya hapa huwa na makoti mazuri Oktoba. Ukichelewa hadi Desemba utakuta yamebaki madogo. Pesa iwekeze kwenye buti zisizopitisha maji na glavu za vidole vilivyoungana, zinatunza joto kuliko zenye vidole vitano. Matairi, kama yaliyopo yana meno ya kutosha, yanaweza kusubiri, ila jaza upepo kila baridi inaposhuka kwa sababu hewa ndani yake husinyaa. Betri ndiyo nakusisitizia. Kwenye nyuzi -18 nguvu ya betri hupungua zaidi ya nusu, wakati injini yenye mafuta mazito inahitaji nguvu zaidi ya kawaida. Maduka mengi ya vipuri huipima bure. Ikiwa na miaka mitano na kipimo kikaonyesha imechoka, nunua. Ikiwa nzima, iache. Ukifanya hivyo naona ada ya mdogo wako inabaki salama, au sehemu yake kubwa.

Kwa ile asubuhi ya Januari 30, utabiri wake utaupata kwa wakati, amini hilo. Baridi za kutisha hazituvizii siku hizi. Wiki moja kabla, mara nyingine hata siku kumi, tunaiona hewa ikianza kuteremka kutoka Kanada. Jiwekee mazoea ya kufungua weather.gov, tovuti ya serikali ya hali ya hewa, kila Jumapili jioni, andika jina la mji wako, soma siku saba. Yakitokea maneno ya tahadhari ya baridi kali, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 huitwa Extreme Cold Warning, hapo ndipo ujue dakika zinahesabika. Kwa baridi ya kuhisi ya -48 ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika kumi au chini yake. Siku hiyo tangi liwe zaidi ya nusu, blanketi na koleo viwe ndani ya gari, na mwombe mwenzako wa zamu asiondoke mpaka gari lako liwake. Na ukisikia mji umetangaza dharura ya theluji, kabla hujalala soma kanuni za kuegesha za mji wako, kwa sababu gari likibaki upande wa barabara uliokatazwa linakokotwa na kulikomboa ni pesa ya ada tuliyokuwa tukiiokoa.

Na kuhusu aliye chupani: Baraka amtoe nje wiki hii. Nyumbani mwenu kuna joto mno kwake. Kiwavi huyu hulala majira yote ya baridi chini ya majani makavu, akigandishwa mpaka awe mgumu kabisa, na kwenye Aprili huyeyuka, akala kidogo, akajifunga kokoni na kutoka nondo wa rangi ya manjano. Akikaa sebuleni atakosa usingizi huo na atakufa. Amweke nyuma ya nyumba chini ya majani ya mti, upande usio na upepo, kabla ardhi haijakaza.